Kabla hamjasema imefika kichwani

Mgonjwa wa saratani akiamka mdomo umepinda na mkono mmoja haunyanyuki, nyumbani hukumu hutoka kabla hata usafiri haujatafutwa: imeshafika kichwani. Anayeitamka kwa kawaida ni mtu mzima aliyewahi kuuguza, shangazi au baba mdogo, na huitamka kwa sauti ya chini mgonjwa asisikie. Baada ya hapo haraka yote hupotea. Hospitali inakuwa ya kesho, mama apumzike kwanza, na simu zinaanza kupigwa kwa watoto walio mbali waje kumwona.

Hukumu hiyo mara nyingi si sahihi, na hata inapokuwa sahihi haimaanishi kwamba kazi imekwisha. Kiharusi humfikia mtu mwenye saratani kwa njia nyingi: damu inayoganda kupita kiasi, damu isiyoganda inavyotakiwa, moyo, presha, dawa, mionzi aliyopigwa miaka iliyopita, maambukizi. Kila njia ina matibabu yake, na nyingine hutibika vizuri kuliko saratani yenyewe. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye swali moja, kwamba kiharusi hiki kimetoka wapi, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua mgonjwa apewe nini na asipewe nini.

Tuanze na yaliyo ya msingi. Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba, sehemu ya ubongo ikakosa damu. Au unapopasuka, damu ikavujia ndani ya kichwa. Kuna na cha tatu kisichotajwa sana: bonge la damu kukaa kwenye mishipa mikubwa inayoirudisha damu kutoka ubongoni kwenda moyoni. Hiki cha tatu huja kwa hila. Mgonjwa huumwa kichwa kinachozidi siku baada ya siku, anatapika, macho yanaona ukungu, pengine anapata degedege, na kupooza kunakuja mwishoni au kusije kabisa. Kutofautisha kuziba na kupasuka kwa kumtazama mgonjwa tu, hata daktari bingwa hawezi kwa uhakika. Skani ya CT ndiyo inayotenganisha, na kutenganisha ni lazima, maana dawa inayomwokoa aliyezibwa mshipa inaweza kumuua aliyepasukiwa.

Je, hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Mwaka 1985 madaktari wa Memorial Sloan-Kettering, hospitali ya saratani ya New York, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti 3,426 za watu waliokuwa na saratani. Maiti 500, yaani asilimia 14.6, zilikutwa na alama za mishipa ya ubongo kuziba au kupasuka. Karibu nusu ya hao hawakuwa wameonyesha dalili yoyote ya kiharusi walipokuwa hai.

Uchunguzi wa maiti unaeleza yaliyokwisha kutokea, lakini haumsaidii mtu aliyepewa majibu yake ya saratani wiki iliyopita. Huyo anasaidiwa zaidi na kazi ya Babak Navi na wenzake iliyotoka mwaka 2015. Walipekua kumbukumbu za bima ya afya ya wazee nchini Marekani, wakamlinganisha kila mwenye saratani na mtu wa umri na hali kama yake asiye na saratani, kisha wakahesabu viharusi. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya saratani kugunduliwa, wenye saratani ya mapafu waliopata kiharusi walikuwa asilimia 5.1, na wenzao wasio na saratani asilimia 1.2. Kwa saratani ya kongosho ilikuwa 3.4 dhidi ya 1.3. Kwa utumbo mpana, 3.3 dhidi ya 1.3. Matiti ikawa 1.5 dhidi ya 1.1, na tezi dume 1.2 dhidi ya 1.1, tofauti ndogo sana.

Takwimu hizi zinatuambia mambo mawili. Saratani hazilingani, kwani ya kongosho na ya mapafu ni kali kwa mishipa, ya tezi dume ni pole. Pia hatari hailali sawa miezi yote. Huwa juu kabisa mwanzoni, wakati uvimbe bado haujapunguzwa na mgonjwa anaingizwa kwenye upasuaji na dawa kwa mara ya kwanza, kisha hushuka, na kwa saratani nyingi baada ya mwaka mmoja tofauti na watu wengine huwa imepungua sana. Familia nyingi hufikiri kinyume chake: huwa na wasiwasi wa kiharusi mgonjwa akishachakaa, na hujiona salama katika miezi ile ya mwanzo anapotembea mwenyewe kwenda kliniki.

Tahadhari moja kabla ya kuzihamishia takwimu hizo Dar es Salaam au Eldoret. Zilikuwa za wazee wa Marekani. Wagonjwa wanaojaza viti vya Taasisi ya Saratani Ocean Road wengi ni wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti, wengi wakiwa na umri mdogo kuliko wale, na wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Saratani ya umio, ambayo ukanda wetu wa Afrika Mashariki una sifa mbaya nayo, kwa wale si ya kawaida. Mwelekeo unaweza kuwa uleule, lakini namba hizo si zetu.

Zipo sababu ambazo saratani na kiharusi vinashirikiana tu, bila kimoja kumzaa mwenzake. Sigara huleta vyote viwili. Umri, unene na pombe vilevile. Hapo sitakawia, isipokuwa kwenye presha. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya 2003 na 2006, uliolinganisha wilaya ya Hai kule Kilimanjaro na sehemu ya jiji la Dar es Salaam, ulikuta viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Idadi hiyo ya Dar ni miongoni mwa kubwa zilizowahi kuandikwa popote, na presha isiyotibiwa ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Saratani humkuta mtu na presha yake. Kinachotokea baada ya hapo kila anayeuguza anakijua: vidonge vya presha vinaachwa. Dawa zimekuwa nyingi, fedha zimekwisha, au mtu kasema zinagombana. Wakati huohuo mgonjwa anapewa deksamethasoni ya kuzuia kutapika na kupunguza kuvimba, ambayo inapandisha sukari na inaweza kupandisha presha pia. Akipata kiharusi, kila mtu anautazama uvimbe, na boksi la amlodipini lililoachwa miezi miwili nyuma halitajwi.

Tukija kwenye sababu zinazotokana na saratani yenyewe, ya kwanza ni damu kuganda. Jambo hili lina zaidi ya karne na nusu likijulikana. Mwaka 1865 Armand Trousseau, daktari wa Hôtel-Dieu mjini Paris, alifundisha wanafunzi wake kwamba mtu anayeganda damu kwenye mishipa ovyo ovyo, mara mguuni mara mkononi, bila sababu inayoonekana, achunguzwe saratani iliyojificha. Mwanzoni mwa 1867 Trousseau aliona mshipa wa mkono wake mwenyewe umevimba kwa damu iliyoganda. Alielewa mara moja maana yake na akamwambia mwanafunzi wake kwamba sasa hana shaka na ugonjwa alionao. Alifariki Juni mwaka huohuo, kwa saratani ya tumbo.

Kinachofanyika ndani ya mshipa sasa kinaeleweka zaidi. Damu yenye afya ina uwezo wa kuganda lakini husubiri jeraha. Ni sawa na maziwa yaliyochemshwa, ambayo hayawi mtindi mpaka utie kianzio. Seli nyingi za saratani hubeba kianzio hicho juu ya ngozi yake, protini ambayo kwa kawaida hukaa nje ya mkondo wa damu ikingoja mshipa ukatike. Uvimbe huimwaga kwenye damu, tena ikiwa juu ya vipande vidogo vinavyomeguka kutoka kwenye seli na kusafiri mbali. Saratani zinazotoka kwenye tezi, kama za kongosho, mapafu, tumbo na ovari, huongeza ute unaozichokoza chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba majeraha. Chembe nyeupe nazo hutupa nyavu za vinasaba vyao zinazonasa kila kinachopita. Ongeza mgonjwa anayelala siku nzima, hanywi maji ya kutosha kwa sababu kila kitu anakitapika, na damu ikawa nzito. Bonge halihitaji sababu nyingine.

Mara nyingine bonge hilo hujengwa moyoni. Kwenye kingo za vali za moyo, hasa zile za upande wa kushoto, huota vipele vidogo vya chembe sahani na nyuzinyuzi za damu, visivyo na bakteria hata mmoja. Havijashika imara kama vile vya maambukizi, hivyo hukatika kirahisi na kurushwa. Na kwa kuwa moyo unarusha damu kila upande, vipande hivyo hutua sehemu kadhaa za ubongo kwa pamoja. Daktari anayesoma picha ya MRI ya mgonjwa wa namna hii haoni doa moja kubwa upande mmoja. Anaona madoa madogo yaliyotawanyika kulia, kushoto na nyuma kwenye ubongo mdogo, kila moja kwenye himaya ya mshipa tofauti. Picha hiyo, ikiandamana na kipimo cha damu kiitwacho D-dimer kilichopanda sana, humfanya daktari mzoefu aulize kuhusu saratani hata kama mgonjwa hajawahi kuambiwa anayo. Vipele vyenyewe mara nyingi havionekani kwa kipimo cha kawaida cha moyo kinachopita juu ya kifua, kwa udogo wake, kwa hiyo jibu la "moyo uko sawa" halifungi mjadala.

Hapo ndipo alipokuwa Trousseau: kiharusi kinaweza kutangulia, saratani ikajulikana baadaye. Kundi la Navi lilionyesha mwaka 2019 kwamba viharusi na mshtuko wa moyo huanza kuongezeka miezi kama mitano kabla ya saratani kugunduliwa, na kilele huwa katika mwezi wa mwisho kabla ya ugunduzi. Nisieleweke vibaya. Watu wengi wanaopata kiharusi hawana saratani, na kumpima kila mmoja mwili mzima ni kupoteza fedha na kuwatia watu hofu. Lakini aliyepata kiharusi ambacho sababu yake haijapatikana, huku amepungua kilo bila kujaribu, hana hamu ya kula na damu yake imepungua, anastahili kutazamwa zaidi ya kupewa aspirini na tarehe ya kurudi.

Dawa za saratani nazo zina mchango wake, na hapa ndipo uvumi unapozidi ukweli. Sisplatini, ambayo wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi huwekewa kwa dripu mara moja kwa wiki sambamba na mionzi, huumiza utando wa ndani wa mishipa. Memorial Sloan-Kettering walipowafuatilia wagonjwa 932 waliopewa dawa hiyo, asilimia 18.1 waliganda damu mahali fulani, na karibu tisa kati ya kumi ya hao ilikuwa ndani ya siku 100 tangu kuanza. Wengi waliganda kwenye mishipa ya miguu na mapafu. Viharusi vilikuwa vichache. Bevasizumabu hupandisha presha na huongeza kuziba kwa mishipa. Tamoksifeni, kidonge cha saratani ya matiti, huongeza kidogo hatari ya kiharusi cha kuziba, kidogo kiasi kwamba kwa mwanamke aliyeandikiwa kwa sababu sahihi faida inaipita hatari kwa mbali. Asparajinesi, dawa muhimu kwa watoto wenye saratani ya damu, hupunguza protini zinazoizuia damu isigande, ndiyo maana mtoto aliye kwenye dawa hiyo akilalamika kichwa kwa siku tatu mfululizo asiambiwe ni uchovu. Huenda ni kile kiharusi cha hila nilichokitaja mwanzo.

Yote haya hayampi mtu ruhusa ya kuacha dawa. Mgonjwa anayesusia dozi kwa kuogopa kiharusi anaachia uvimbe uendelee kumwaga kianzio kwenye damu, na uvimbe ni chanzo kikubwa kuliko dripu.

Mionzi ina tabia tofauti: haina haraka. Mtu aliyepigwa mionzi ya shingo kwa saratani ya koo au ya nyuma ya pua hupona, akarudi kazini, na miaka kumi baadaye mishipa mikubwa ya shingoni inayopeleka damu ubongoni ikawa imejengeka mafuta na makovu kuliko umri wake. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata watu 367 waliopigwa mionzi ya shingo kabla ya kufikia miaka 60. Viharusi kwao vilikuwa zaidi ya mara tano ya vilivyotarajiwa, na ndani ya miaka 15 hatari ilifikia asilimia 12. Watu hawa huwa wameshaondoka kwenye kliniki ya saratani zamani, na daktari wa presha anayewaona leo hajui kuhusu mionzi ile kwa sababu hakuna aliyemwambia. Altrasaundi ya shingo, kipimo kisicho na sindano wala mionzi, ingeonyesha mishipa iliyobanwa.

Upande wa pili ni wa damu inayovuja. Dawa za saratani hupunguza chembe sahani, na zikishuka sana ubongo unaweza kuvuja bila kugongwa popote. Ipo saratani moja ya damu, inayoshambulia hatua za awali za chembe nyeupe za aina ya promielositi, ambayo humfanya mgonjwa agande na avuje kwa wakati mmoja; fizi zinatoka damu, ngozi ina madoa ya zambarau, na kuvuja ubongoni ndiko kunakowaua wengi katika siku za mwanzo. Ajabu ni kwamba wanaovuka siku hizo wengi hupona kabisa. Kwa hiyo madaktari hufundishwa kuanza dawa yake, inayotokana na vitamini A, kwa kuhisi tu, bila kungoja majibu ya mwisho ya maabara.

Na kuna saratani zilizofika kichwani kweli, zikavuja. Za ngozi aina ya melanoma, za figo na za kondo la nyuma zina sifa hiyo. Hii ya mwisho, koriokasinoma, nataka niikalie, kwa sababu ndiyo inayoivunja kabisa ile hukumu ya shangazi.

Huanzia kwenye mimba, mara nyingi baada ya mimba zabibu, lakini pia baada ya mimba kuharibika au hata kuzaa salama. Mwanamke wa miaka 26 analetwa amepooza upande mmoja, skani inaonyesha damu ubongoni, picha ya kifua ina madoa. Ukisikia hivyo unajua ndugu watasema nini, na baadhi ya wahudumu wa afya watakubaliana nao. Lakini uvimbe huu humwaga homoni ileile ya mimba. Kile kipimo cha mimba cha mkojo, kinachouzwa duka la dawa kwa bei ya soda, kinatoka na mistari miwili iliyokoza kwa mwanamke asiye na mimba. Ni kipimo cha kwanza ambacho mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye damu ubongoni isiyoelezeka anapaswa kufanyiwa, na ndicho kinachosahaulika. Kukisahau ni kosa kubwa, kwani koriokasinoma ni miongoni mwa saratani chache zinazoweza kupona hata zikiwa zimesambaa mapafuni na ubongoni. Kumrudisha nyumbani mwanamke huyo akafie kwao ni kumnyima matibabu yenye matumaini halisi.

Kwa eneo letu lazima virusi vya UKIMWI viingie kwenye hesabu. Vinaleta baadhi ya saratani, kama lymphoma na sarkoma ya Kaposi, na vinaongeza uwezekano wa saratani ya mlango wa kizazi. Na peke yake vinaongeza kiharusi. Utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta hatari kubwa zaidi ni katika miezi sita ya kwanza ya kutumia dawa za kufubaza virusi, pale kinga inapoamka na kushambulia maambukizi yaliyojificha kwenye mishipa. Kwa hiyo mgonjwa aliyegunduliwa saratani na virusi kwa mpigo, jambo la kawaida tu kwenye hospitali zetu, ana miezi sita ya kuangaliwa kwa karibu kwa sababu mbili zinazokutana. Mwenye chembe nyeupe zilizoshuka naye anaweza kupata fangasi au bakteria wanaopita kwenye mishipa ya ubongo na kuiziba au kuitoboa. Hapo dawa ni ya maambukizi.

Halafu kuna visivyo viharusi kabisa. Sukari iliyoshuka, chumvi ya damu iliyopungua, kalsiamu iliyopanda kwa sababu ya saratani kwenye mifupa, udhaifu unaobaki baada ya degedege: vyote vinaweza kumfanya mtu aongee ovyo au ashindwe kunyanyua mkono. Sukari hupimwa kwa tone la damu na hutibiwa hapohapo. Nimeiweka hapa chini kwenye maelezo, lakini kwenye chumba cha dharura inatakiwa kuwa ya kwanza.

Nini kifanyike saa ile mdomo unapopinda? Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Si saa mliyomkuta. Kama alilala saa nne usiku akiwa mzima na mkamkuta hivyo saa kumi na mbili asubuhi, saa ya kuandika ni nne usiku. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hupewa ndani ya saa nne na nusu kuanzia hapo, na daktari asipoijua saa hiyo mara nyingi hawezi kuitoa. Msimpe chochote mdomoni, hata maji, maana huenda hawezi kumeza na yakaingia mapafuni. Msimpe aspirini kabla ya skani. Chukueni faili la kliniki ya saratani, majina ya dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, na vidonge vyake vyote kwenye mfuko, pamoja na vile alivyoacha.

Kuwa na saratani peke yake hakumzuii mtu kupata dawa ya kuyeyusha bonge. Miongozo ya Marekani inairuhusu kwa mgonjwa anayetarajiwa kuishi zaidi ya miezi sita na asiye na kizuizi kingine. Vizuizi vipo, na vingi vinawahusu hawahawa: chembe sahani chini ya 100,000, uvimbe ndani ya ubongo wenyewe, saratani ya tumbo au utumbo, upasuaji mkubwa wa karibuni. Pale ambapo kuna wataalamu wa kuingiza waya kwenye mshipa na kulivuta bonge, njia hiyo huweza kutumika kwa baadhi ya waliozuiliwa dawa. Hospitali zenye huduma hizi kwetu ni chache na nyingi ziko mijini, kwa hiyo ni jambo la kuulizia mapema, siku ile ya kwanza ya kliniki, kwamba ikitokea hivi tukimbilie wapi.

Ugumu unabaki kwenye hatua inayofuata, yaani kuzuia kiharusi cha pili. Kinakuja. Katika wagonjwa 263 wa saratani waliopata kiharusi cha kuziba na kufuatiliwa New York, ndani ya miezi sita makadirio ya walioganda damu tena mahali popote yalifika asilimia 37, na waliopata kiharusi kingine asilimia 16. Basi wapewe aspirini au dawa nzito ya kuzuia damu isigande? Akili inasema ikiwa tatizo ni damu kuganda, dawa nzito ndiyo jibu. Ushahidi haujafika huko. Jaribio moja la Marekani lililotoka mwaka 2018 liliwagawa wagonjwa 20, kumi sindano ya enoksaparini na kumi aspirini. Wanne kati ya kumi wa sindano walihamia kwenye aspirini kwa kuchoshwa na kuchomwa tumboni kila siku. Vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda ni rahisi kumeza, ila vimeonekana kuleta kutokwa damu zaidi kwa wenye uvimbe kwenye njia ya chakula, na huko ndiko iliko saratani ya umio.

Kwa hiyo uamuzi hufanywa kwa mgonjwa mmoja mmoja. Mwenye madoa yaliyotawanyika kwenye MRI na D-dimer ya juu huelekezwa zaidi kwenye dawa nzito. Aliyekuwa na presha, kisukari na mshipa wa shingo uliobanwa huelekezwa kwenye aspirini, dawa ya mafuta ya damu na vile vidonge vya presha alivyoviacha. Mwanamke mwenye uvimbe wa mlango wa kizazi unaotoka damu ni mgumu kuliko wote, kwa sababu uvimbe huohuo mara nyingi umebana mirija ya mkojo na figo zimechoka. Enoksaparini hutoka mwilini kwa njia ya figo. Zikishindwa, hujilimbikiza, na dozi ya jana inakutana na ya leo. Kabla ya kuchomwa sindano ya kwanza anahitaji kipimo cha kreatinini, wingi wa damu na chembe sahani, na mtu wa nyumbani aliyefundishwa kutambua kinyesi cheusi na kuhesabu pedi anazobadilisha kwa siku.